Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa "mbona hatoi ushauri"

Wanachama wenzangu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Hela namwachia mweka hazina maana daftari analo yeye, mi niseme tu kodi ya chumba chetu hapa Majengo, Moshi, imelipwa na wenye madeni ya ada mnajijua.

Malalamiko mengi mwaka huu ni ya hii tiba ya maongezi tunayopata mle chumbani. "Mwenyekiti, huyu mtaalamu anauliza tu alaf ananyamaza, mbona hatoi ushauri?" Nawaelewa, sisi tumezoea ukienda kwa mchungaji au shangazi unarudi na la kufanya. Hii inaitwa saikodainamiki, imeanzia kwa daktari mmoja, Freud, kule Vienna miaka ya 1890, na yenyewe inasema kinachokusumbua leo mara nyingi kimeanza zamani na we mwenyewe hukioni, ndo maana ukiambiwa "samehe tu" unaitikia alaf kesho unagombana na mwenzio yale yale.

Ya wengine siwezi kusema, yanabaki mle chumbani, ila yangu ruksa. Niliingia kwa sababu tangu tumzike mzee nilikuwa silali. Wiki ya nne hivi mtaalamu akatupia jicho saa ya ukutani, dakika 50 zinaisha, nikapandwa na hasira mpaka mikono inatetemeka, nikamwambia si useme umenichoka! Hakujitetea. Akauliza, nani mwingine alikuwa anaangalia saa ukiongea? Nikacheka, alaf nikamwona mzee kabisa pale kihambani, shamba letu la nyumbani, mi nimetoka shule na ripoti mkononi, yeye anacheki saa yake anawahi pombe ya mbege. Nililia jamani, na mvi zangu hizi. Ndo hivo, hasira ya mtu wa zamani unambebesha aliye mbele yako, na nikimwangalia mama watoto naona amebebeshwa sana.

Usingizi ulirudi taratibu, si siku hiyo. Mnaoacha wiki ya pili mjue mwanasaikolojia Jonathan Shedler wa Marekani mwaka 2010 alipitia tafiti akaonyesha nafuu ya tiba hii inaendelea kuongezeka hata mtu akishamaliza. Ila anayewaza kujiua au anasikia sauti asisubiri kikao chetu cha Jumanne, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwakani tunahama. Jirani ni fundi wa kuchomelea, mtu anaanza kufunguka na grenda nayo inaanza. Mwenye chumba kimetulia Pasua au Soweto anitafute.