Malalamiko kuhusu skana ya negativu na ushauri wa kukata filamu

Barabara ya 12,
Ngamiani,
Tanga.

14 Aprili 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SKANA ISIYOPOKEA FILAMU YA 120, NA USHAURI WA KUKATA NEGATIVU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 9 Machi nilinunua kwenu kwa shilingi 310,000 skana ya negativu, yaani mashine ya kuingiza kwenye kompyuta picha zilizo kwenye filamu za kamera. Kabla ya kulipa nilimpigia simu mhudumu wenu nikamuuliza jambo moja tu: je, inapokea filamu ya 120, ile pana ya kamera za zamani? Akanijibu kwamba inapokea filamu za kila aina, na maelezo ya bidhaa yalisema vivyo hivyo.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Marehemu baba yangu alikuwa na studio ya picha hapa Tanga, na kamera yake ilikuwa Yashica ya macho mawili, ambayo negativu zake ni za mraba, sentimita 6 kwa 6. Ametuachia makopo matatu ya biskuti yaliyojaa bahasha. Humo mna maharusi, watoto wa siku arobaini, na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waliokuwa wakija mjini Jumapili kupiga picha ya kupeleka kwao. Picha zilizosafishwa walizichukua wenyewe. Kwetu zimebaki negativu peke yake.

Skana ilipofika, hakuna trei hata moja iliyopokea filamu pana zaidi ya milimita 35. Nikapiga simu tena. Mhudumu akanisikiliza, kisha akasema, "Chukua mkasi, punguza pembeni mpaka iingie." Nikamwomba arudie, nikidhani sijasikia vizuri. Akarudia.

Ndugu Meneja, picha ya karatasi ikipotea, nyingine itasafishwa kutoka kwenye negativu. Negativu ikikatwa, kilichokatwa hakirudi. Filamu ya 120 ina upana wa milimita 60 hivi, kwa hiyo kuipunguza hadi 35 ni kutupa zaidi ya theluthi ya picha. Katika picha ya ndoa ya wazazi wangu ya mwaka 1976, bibi mzaa mama amesimama kushoto, mwisho kabisa wa mstari. Hatuna sura yake nyingine popote. Mkasi ungeanza na yeye.

Nilijaribu mashine yenu kwa mikanda michache ya milimita 35. Ukingo wa trei una kinundu cha plastiki, nacho kimeacha mkwaruzo mrefu kwenye picha nne. Kijitabu hakisemi upande upi wa filamu utazame juu. Niligundua nimegeuza pale nilipoona jina la kanga ya shangazi linasomeka kinyumenyume. Boksi linatangaza megapikseli 22, ilhali kijitabu hicho hicho kinakiri kuwa kihisi, yaani sehemu inayonasa picha, kina 14, na zilizobaki zinajazwa na programu.

Hatimaye nimezipiga picha negativu za baba kwa kamera ya mwanangu, juu ya tableti yenye skrini nyeupe, nikiziinua kwa kioo ili vidoa vya skrini visionekane, kisha nikageuza rangi kwenye kompyuta. Picha ya ndoa nilimtumia shangazi aliyeko Muscat. Usiku huo huo alinitajia majina ya watu watatu ambao hapa nyumbani hakuna aliyewajua.

Naomba mnirudishie shilingi 310,000 na gharama ya kuwarudishia mashine. Naomba pia mwondoe maneno "filamu za kila aina" kwenye maelezo yenu, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. La tatu ndilo kubwa kwangu: wapigieni simu wateja wote mliowauzia skana hii, muwaambie wasikate filamu zao. Huenda wapo walioshauriwa kama mimi na bado hawajashika mkasi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Risiti na picha za trei nimeziambatisha.

Wenu,
Mteja, Tanga