Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: tuzo ya kikundi cha ukoo haipokelewi kwa mkono mmoja

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni,
Serikali ya Mapinduzi Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, tunakuandikia sisi tunaowamba matari, ngoma za ngozi ya mbuzi, na kurekodi maulidi, Unguja na Pemba. Tunavisemea vikundi vya ukoo vya kasida na maulidi ya homu, yale yanayosomwa kwa safu inayoyumba pamoja, vile ambavyo babu aliviongoza, mwana akavirithi, na leo wajukuu wanapiga magoti safu moja na wajomba zao. Tunaomba vitunukiwe heshima ya Serikali kwa kazi ya umri mzima. Ila utaratibu tuliouzoea wa kutunza wasanii umekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na kanzu hiyo haiwaenei watu ishirini.

Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab na unyago, alipopata tuzo ya WOMEX, maonesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, jina lilikuwa moja na mpokeaji mmoja. Kwenye kikundi cha ukoo, msomaji mkuu akikabidhiwa ngao, ngao hukaa nyumbani kwake. Siku akifariki, inaingia kwenye mirathi pamoja na kabati lake. Bahasha ya fedha ndiyo usiseme. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni orodha, iandikwe miezi kadhaa kabla ya hafla na isomwe mbele ya matawi yote ya ukoo. Wawemo wasomaji, wapigaji, waitikiaji, na waliotangulia mbele ya haki. Wawemo pia wanawake wanaowafundisha watoto beti nyumbani na kwenye vyuo vya Kurani, maana hao hawaonekani kwenye picha hata moja. Hundi iandikwe kwa jina la akaunti ya kikundi, yenye watia saini watatu kutoka nyumba tatu.

Umri wa kikundi usichukuliwe kwa kauli tupu. Nadi Ikhwan Safaa hutaja mwaka wake, 1905, bila kubabaika, lakini hiyo ni klabu ya taarab. Kikundi kilichoanzia barazani hakikuwa na katiba wala muhuri. Ushahidi wake ni daftari za beti zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, picha zenye tarehe nyuma, mialiko ya harusi, na kaseti zilizoandikwa kwa kalamu. Maofisa wavipige picha vitu hivi palepale nyumbani, wasiondoke navyo. Vikipatikana viwili vinavyokubaliana, inatosha, na "miaka ya 1950" ni jibu safi kuliko mwaka wa kulazimisha.

Kaseti ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi. Ukipima heshima kwa fedha, basi nyingi ziende huko. Hewa yetu ina unyevu, na kaseti iliyokaa sandukuni tangu miaka ya 1980 aghalabu ina ukungu, yaani unga mweupe pembezoni mwa utepe. Hiyo isichezwe: ukungu utahamia kwenye mashine, kisha kwenye kaseti zote zitakazofuata. Ikaushwe kwanza, ipigwe brashi laini nje ya chumba cha kazi. Nyingine zimebanduka kile kitambaa kidogo kinachoukandamiza utepe, na sauti inakuja kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Dawa yake ni kuhamishia utepe kwenye ganda zima. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba mno, hunyooka na kujisokota, kwa hiyo zisirudishwe nyuma kwa kasi. Na kabla ya lolote, vile vijikono viwili vya nyuma vivunjwe, asije mtu akabonyeza kitufe cha kurekodi akafuta sauti ya marehemu.

Mashine isiwe ile ya sebuleni yenye mkanda wa mpira uliolegea. Kasi sahihi ni sentimita 4.76 kwa sekunde. Ikipungua, sauti ya kijana inakuwa ya mzee. Nakala ichukuliwe kwa kiwango cha biti 24 na kilohezi 96, ambapo saa moja ya stereo hula takriban gigabaiti 2. Kaseti mia moja za dakika 90 ni saa 150, karibu gigabaiti 310. Diski si ghali. Ghali ni muda, kwa kuwa saa 150 husikilizwa kwa saa 150: fundi mmoja, saa tano kwa siku, siku thelathini kamili. Nakala ziwe tatu: moja ya ukoo, moja Nyaraka za Taifa pale Kilimani, moja Pemba. Zisilale zote chini ya paa moja. Beit el-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 kila mtu aliona paa linavyoweza kufanya.

COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, tutaitaja kwa ufupi. Beti za Barzanji, kitabu kinachosomwa kwenye maulidi, ni za kale, hazina mwenyewe leo, lakini mahadhi waliyoyatunga wazee na uimbaji uliorekodiwa vinaweza kuandikishwa. Bila karatasi, aliyepandisha video mtandaoni ndiye anayeonekana mwenye mali.

Imebaki siku yenyewe. Ikiwa ni Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, bora zaidi, ingawa kwenye viwanja vya Maisara usiku ule ratiba hujaa hotuba. Homu haifupishwi ikawa dakika kumi: huanza taratibu, watu wamekaa, safu inayumba kidogo kama mawimbi, kisha inapanda hadi magotini. Wapewe dakika arubaini. Wasipewe kinanda wala "CD" ya kufuatishia. Wakipiga magoti sakafuni hawaonwi na walioko vitini nyuma, kwa hiyo wawekewe jukwaa la chini, futi mbili, lenye mikeka. Vipaza sauti viwili vikae mbele ya safu, usawa wa kichwa cha aliyepiga magoti, mbali na matari, yasije yakaimeza sauti. Na ikiwa ni ukumbini, tafadhali kiyoyozi kizimwe: ngozi ya mbuzi hukauka ikapanda sauti katikati ya kasida, na ikiwa imeshapashwa motoni, hupasuka kwenye misumari. Moto wa kupashia uwe nje, karibu na mlango, na awepo mtu wa kuusimamia.

Wako,
Wawambaji wa matari na warekodi wa maulidi, Unguja na Pemba