Mpira uligusa chokaa: barua ya wazi kwa Mkuu wa Waamuzi wa Raga

Mombasa

Bwana Mkuu,

Assalaam aleikum. Mimi ndiye niliyeshika kibendera upande wa miarobaini siku ya mechi ya mwisho ya ligi hapa Mombasa. Kwenye fomu ya mechi jina langu limeandikwa chini kabisa, mahali pa mshika kibendera wa timu ya nyumbani. Riziki yangu naipata kwa makaratasi ya mizigo bandarini Kilindini. Raga niliicheza miaka 11, safu ya mbele ya skramu, ule msukumano wa timu mbili zilizofungamana mabega, hadi goti liliponikatalia. Nakueleza haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mpita njia aliyesikia kelele akaingilia.

Barua yangu ya kwanza niliileta ofisini kwako wiki moja baada ya mechi ile. Sikupata jibu, wala la kuniambia imefika. Ndiyo sababu hii nimeiweka wazi.

Ngoja nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Dakika ya 80 ilikuwa imeshapita na tulikuwa nyuma, 20 kwa 24. Vijana walikuwa wameusukuma mpira kutoka mstari wa mita 22, raki baada ya raki, yaani mpira uko chini na watu wa pande mbili wanasukumana juu yake, wakipata mita moja hapa, nusu mita pale, na jua la saa kumi na moja na nusu likiwapiga walinzi usoni. Raki ya mwisho ilifanyika hatua mbili kutoka kibendera cha kona, nami nimesimama papo hapo. Nambari 8 wetu akainama, akauchomoa mpira, akajitupa chini ya wanaume wawili. Niliuona mpira. Ulipita kati ya kiwiko cha mlinzi na nyasi, ukatua juu ya mstari wa goli, na chokaa ikaruka. Kwenye ngozi ya mpira ilibaki alama nyeupe ya upana wa vidole vitatu. Nawe wajua kwamba mstari wa goli ni sehemu ya eneo la goli. Ukiuweka mpira juu yake, ni trai, bao la pointi 5.

Mwamuzi alikuwa upande wa pili wa rundo. Kati yake na mpira kulikuwa na migongo ya watu sita au saba. Alizunguka mbio, na alipofika mpira ulikuwa umeshavutwa juu ya kifua cha mlinzi. Akapiga kipenga akaonyesha kwamba umeshikiliwa hewani. Zamani uamuzi kama huo ulitupa skramu ya mita tano, tukajaribu tena. Sheria ya majaribio ya 2021, ambayo sasa ni sheria kamili, imewapa walinzi mkwaju kutoka mstari wao wa goli. Na kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, hata mkwaju huo haukupigwa. Mpira umekufa, mechi imekwisha.

Hesabu yake nimeirudia usiku mwingi. Kushindwa kwa tofauti isiyozidi 7 kulitupa pointi 1. Trai ile ingekuwa ya nne kwetu, na ingetufikisha 25 kwa 24 kabla hata ya konvasheni, mkwaju wa ziada unaopigwa baada ya trai. Hapo tungepata 4 za ushindi na 1 ya trai nne, jumla 5. Nafasi ya mchujo tuliikosa kwa pointi 2.

Sikuandikii ili uturudishie pointi hizo. Mechi imechezwa, kipenga kimelia, na mimi nimefundishwa tangu utotoni kwamba katika raga mwamuzi huitwa "sir" na habishwi. Nataka kitu kingine, nacho ni sauti yako.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwamuzi yule alikuwa kijana. Alifika alfajiri kwa basi la usiku kutoka bara, peke yake, akalala kwa muda wa saa mbili kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kichwa juu ya begi lake. Dada mmoja wa timu alimletea mahamri na mbaazi. Dakika zote zilizotangulia aliichezesha mechi vizuri, na hata wapinzani wetu walikubali. Kipenga cha mwisho kilipolia watu walimzingira. Mimi na kapteni wetu tulimshika mkono tukampeleka hadi langoni kupanda tuktuk. Njiani akaniuliza, "Mzee, uliuona?" Nikamwambia, "Niliuona, kijana wangu. Uligusa." Alinyamaza hatua kadhaa. Kisha akasema, "Mimi sikuuona. Nisichokiona siwezi kukitoa."

Na alisema kweli. Mwamuzi asiyeona mpira umewekwa chini hawezi kubahatisha trai. Sasa wengine wataniuliza, wewe ulisimama hatua mbili, mbona hukumwambia? Kwa sababu sheria hainipi mdomo huo. Mshika kibendera aliyetolewa na klabu huonyesha mpira uliotoka nje na mikwaju iliyopita katikati ya milingoti, basi. Anayeruhusiwa kumsaidia mwamuzi kwa jambo jingine, awe anaulizwa kuhusu mpira uliowekwa chini au anaripoti mchezo mchafu, ni mwamuzi msaidizi aliyeteuliwa na ofisi. Na sheria hiyo ni ya haki kabisa. Mimi ni mtu wa upande mmoja. Ningekuwa refa nisingenisikiliza. Lakini hapo ndipo lawama inapomwacha kijana yule na kuja mezani kwako. Kona ile ilihitaji jicho lisilo na timu, na hamkulituma. Mechi ya kuamua nani aingie mchujo mliituma na mtu mmoja, na vibendera viwili mkawaachia wenyeji na wageni.

Tuliambiwa ni gharama. Naelewa, nauli na malazi ya watu watatu si mchezo. Lakini hapa pwani kuna wachezaji wa zamani na walimu wa michezo ambao wangekubali kesho kusomea uamuzi kama kozi ingeletwa Mombasa badala ya kila mara kufanyiwa bara. Waliopatikana hapa wangetumwa Nakuru na Kakamega, wa huko wakaja huku. Na kama fedha hazitoshi kwa msimu mzima, basi zitoshe kwa raundi mbili za mwisho, ambapo kila pointi ina mwenyewe anayeisubiri.

Sikuombi mwamuzi wa video. Hatuna kamera za kumtosha, na video ya simu inayozunguka mitaani imepigwa kutoka nyuma ya migongo ileile iliyomziba refa, haionyeshi lolote. Tena mitambo haijamaliza ugomvi hata kwa wenye nayo. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2023 jijini Paris, Afrika Kusini 12, New Zealand 11, ilikuwa na kamera kila pembe na chumba kizima cha kukagua kadi ya njano kama inastahili kuwa nyekundu. Kapteni wa New Zealand, Sam Cane, alitolewa kwa kadi nyekundu kwa utaratibu huo. Mwamuzi wa video wa siku ile, Tom Foley, alijiondoa baadaye kwenye raga ya kimataifa kwa sababu ya matusi na vitisho aliyomiminiwa yeye na familia yake.

Ninachokiomba nilikiona kwa mara ya kwanza Jumapili ya tarehe 18 Oktoba 2015. Tulikuwa tumekusanyika kwa jirani hapa Tudor kutazama robo-fainali ya Kombe la Dunia kutoka Twickenham. Baada ya Isha, Scotland ilikuwa mbele 34 kwa 32 na zimebaki kama dakika mbili. Mwamuzi Craig Joubert akaipa Australia penalti kwa kosa la kuotea, Bernard Foley akaipiga, ikawa 35 kwa 34, na Scotland ikarudi nyumbani. Joubert alikimbia kuingia ndani kipenga cha mwisho kilipolia. Siku ya pili yake World Rugby, shirikisho la raga la dunia, ilitoa taarifa. Mpira ulikuwa umeguswa na mchezaji wa Australia, kwa hiyo yule Mskoti hakuwa na kosa la penalti, na uamuzi sahihi ungekuwa skramu kwa Australia. Tena wakaeleza kwamba kwa utaratibu wa wakati huo Joubert hakuruhusiwa kuuliza mwamuzi wa video jambo kama lile.

Matokeo hayakubadilika. Lakini ubishi wa bazani kwetu ulibadilika palepale. Usiku wa Jumapili watu walikuwa wakisema Joubert kanunuliwa. Jumanne walikuwa wakibishana kuhusu sheria ya kuotea, nani aligusa mpira na kwa nini utaratibu ulimfunga refa mikono. Mimi mwenyewe nilijifunza kifungu kile siku hiyo, baada ya miaka yote ya kucheza.

Najua wapo waliolalamika kwamba World Rugby ilimtupa Joubert kwa fisi. Nakubaliana nao nusu. Taarifa ilimtaja aliyekosea bila kubeba mzigo pamoja naye. Ninyi mnaweza kufanya vizuri zaidi. Andikeni kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa alichokiona mwamuzi, kwamba pembe yake ilizibwa, na kwamba ofisi ilimtuma peke yake kwenye mechi iliyohitaji watatu. Maneno hayo yangekuwa ngao kwake. Kama mmeitazama mechi mkaona kwamba mimi ndiye nimekosea, na mpira haukugusa, semeni hivyo pia, na sababu zake. Nitazisoma kwa adabu.

Badala yake mmenyamaza, na kijana ndiye anayelipa. Nambari yake ya simu ilisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla basi lake halijafika Mtito Andei. Nimesoma yaliyoandikwa humo na sitayarudia. Baadhi yameandikwa na watu ninaowajua, nami nimewaendea mmoja mmoja kuwaambia wayafute. Halafu yakaja maneno mengine, mabaya zaidi kwangu kwa sababu hayafutiki, kwamba watu wa bara hawataki timu ya pwani ipande na kwamba refa alitumwa na maagizo. Mimi siamini. Nilimtazama kijana machoni pale langoni. Lakini nikiulizwa kwenye kahawa, "Kama si hivyo, mbona ofisi imenyamaza?", sina la kujibu, maana sijui kwa nini mmenyamaza. Mmoja wa wasaidizi wako alimwambia kapteni wetu kwamba waamuzi hulindwa kwa kutojadiliwa. Bwana Mkuu, wanajadiliwa kila saa. Asiyeshiriki mjadala ni yule tu mwenye majibu.

Kuna refa mwingine nimfikiriaye ninapomkumbuka kijana yule. Mwaka 2007, kule Cardiff, Wayne Barnes akiwa na umri wa miaka 28 hakuiona pasi ya mbele iliyozaa trai ya Ufaransa, na New Zealand ikatolewa robo-fainali, 20 kwa 18. Nchi nzima ilimchukia. Wakubwa wake hawakumficha wala kumwacha. Waliendelea kumpanga, akaendelea kujifunza, na ndiye aliyepewa ile fainali ya Paris, miaka 16 baadaye. Kijana wetu amewaambia wenzake kwamba msimu ujao hatachezesha. Nimelisikia hilo kutoka kwa watu wawili tofauti. Akiacha, mtakuwa mmempoteza mwamuzi mwenye miguu, mwenye sauti, na mwenye ukweli wa kusema "sikuuona" mbele ya mtu wa timu iliyoumia. Watu wa namna hiyo hamna wengi, na mimi nimeshika kibendera miaka ya kutosha kulijua hilo.

Na sisi je? Wachezaji wetu watarudi mazoezini, hilo halina shaka. Watoto wanaotazama mazoezi kutoka kwenye ukuta nao watarudi. Wengi wao raga waliijua kwa kuja kila mwaka Driftwood Sevens, mashindano ya hapa Mombasa ya raga ya wachezaji saba kila upande, na kaka zao bado wanasimulia Aprili 2016, Kenya ilipoichapa Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore. Siku ya mechi ile walikuwepo, na waliona wazee wao wakimfokea mgeni. Mmoja, wa miaka tisa hivi, aliniuliza mimi niliyeshika kibendera kwa nini sikukiinua. Nilimweleza sheria. Alinitazama kama mtu anayedanganywa.

Kwa hiyo naomba taarifa yenye sahihi yako kuhusu uamuzi ule wa dakika ya mwisho, kabla ratiba ya msimu mpya haijatoka. Naomba waamuzi wasaidizi wawili kwenye mechi za raundi mbili za mwisho, popote zinapochezwa. Na naomba mtu wa ofisi yako ampigie kijana yule simu, leo, amwambie arudi. Akipangiwa Mombasa tena, nitampokea mwenyewe stendi alfajiri, na atalala kitandani nyumbani kwangu hadi saa sita.

Mpira wa mechi ile ninao. Sijaufuta.

Wako katika raga,
Mshika kibendera, upande wa miarobaini