Kwa vijana wa PCM: jina la kanga kwenye kioo

Wanangu mnaosoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, Kidato cha Tano na cha Sita,

Salamu kutoka Tanga. Nimefundisha fizikia miaka 31, na sasa nimestaafu, lakini mjukuu wangu bado hunionyesha mnayotumiana kwenye simu. Juzi kanionyesha video isemayo kwamba wanasayansi wa Marekani wamefungua mlango wa kuingia ulimwengu wa kioo, ambako kila mmoja wetu ana nakala yake. Chini yake mmoja wenu kaandika kwamba huko ndiko ujinini. Mwingine kasema ni uongo mtupu. Nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu jambo lenyewe ni zuri kuliko video ile, na ninyi wawili mtalikosa msipokuwa waangalifu.

Chukueni kanga ya mama, itandazeni mbele ya kioo cha kabati. Pindo ni lile lile. Mji, ile sehemu ya kati, kama maua yake yamelingana kushoto na kulia, ni ule ule. Mtu akionyeshwa picha ya kwenye kioo peke yake hawezi kujua kama anatazama kanga yenyewe au taswira yake, mpaka macho yafike kwenye jina, yale maneno yaliyoandikwa. Herufi zimegeuka. Basi hilo lisilobadilika ukiligeuza ndilo tunaloliita ulinganifu, na swali la wanafizikia ni hili: je, maumbile nayo yana jina mahali fulani?

Miaka mingi walijibu hapana. Mvutano, umeme, sumaku, vyote vilikuwa mji na pindo, na ilionekana haiwezekani sheria za dunia zipendelee upande mmoja. Mwaka 1956 wanafizikia wawili wa Kichina waliokuwa Marekani, Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang, wakapitia majaribio yaliyokuwapo, wakagundua kitu ambacho hadi leo kinanisisimua. Kwenye nguvu dhaifu, ile inayosababisha baadhi ya viini vya atomu kuvunjika na kutoa elektroni, hakuna aliyekuwa amepima kama kioo kinabadili kitu. Watu wote waliamini, na hakuna aliyetazama.

Aliyetazama ni mama mmoja, Chien-Shiung Wu wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alikuwa ameshakata tiketi ya meli asafiri na mumewe, safari ya kurudi Mashariki ambako hakuwa amekanyaga kwa miaka 20. Mume akaenda peke yake. Yeye akabaki, akaenda kwenye maabara ya vipimo ya Washington, akashirikiana na mabingwa wa baridi kali kupoza kobalti 60, metali ambayo viini vyake huvunjika namna hiyo, mpaka ikabaki kama sehemu moja ya mia ya digrii juu ya baridi ya mwisho kabisa. Baridi ya nini? Joto hutikisa viini vikaelekea kila upande. Vikipoa, sumaku huvipanga vikazunguka pamoja kama pia, vile vichezeo vya watoto, zilizochezeshwa na mkono mmoja.

Hapa nendeni polepole. Chezesha pia, simamisha kioo ubavuni mwake. Pia inayozunguka kinyume cha saa, kwenye kioo inazunguka kufuata saa. Lakini juu bado ni juu, na chini bado ni chini. Sasa Wu alikuta kwamba kiini kinachozunguka kinyume cha saa, ukikitazama kutoka juu, hutupa elektroni nyingi zaidi kuelekea chini. Kwenye kioo utaona kiini kinachofuata saa kikitupa nyingi chini vilevile. Kiini kama hicho hakipo duniani. Chetu kinachofuata saa hutupa nyingi juu. Wanangu, hilo ndilo jina la kanga! Kigogo wa fizikia kama Wolfgang Pauli alikuwa tayari kuweka dau kubwa kwamba ulinganifu utasimama, na mwanzoni mwa 1957 ukaanguka mbele ya macho yake. Lee na Yang walipata Nobeli mwaka huo huo. Wu hakupewa, na mimi bado naona uchungu.

Na ulimwengu wa kioo unaingia hapo hapo. Lee na Yang wenyewe, katika andiko lile la 1956, walidokeza kwamba pengine ulinganifu haujavunjika, ila nusu yake hatuioni: huenda kuna protoni (chembe za ndani ya kiini zenye umeme chanya) za namna nyingine, zinazopendelea upande wa pili. Mwaka 1966 wanafizikia watatu wa Kisovieti, Kobzarev, Okun na Pomeranchuk, walilichambua wazo hilo wakaonyesha kwamba maada ya kioo, yaani iliyoundwa na chembe hizo za upande wa pili, kama ipo, haiwezi kushiriki mwanga na umeme wetu. Ingepita katikati yetu tusiijue, ila kwa uzito wake. Kwa hiyo mwanangu wa ujinini, hii ni hoja yenye hesabu, na inaweza kukataliwa kwa kipimo.

Nayo imepimwa. Nyutroni, chembe ya kiini isiyo na umeme, ikiwa peke yake huishi kama robo saa, kisha huvunjika. Ukizifungia kwenye chupa na kuhesabu zilizobaki, unapata wastani wa sekunde kama 878. Ukizirusha zikafuatana kama mwali wa mwanga na kuhesabu protoni zinazozaliwa, unapata kama 888. Maana yake chupani zinapungua haraka zaidi. Hizo za ziada zinazokosekana zimekwenda wapi bila kuacha protoni? Wengine wakasema labda baadhi huvuka upande wa kioo. Leah Broussard na wenzake wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, wakapiga nyutroni kwenye ukuta usiopitisha hata moja, wakangoja nyuma yake waone kama kuna zilizogeuka za kioo zikapita, kisha zikarudi kuwa zetu. Huo ndio "mlango" wa video yenu. Mwaka 2022 walitoa matokeo: hawakuona dalili yoyote.

Mwanangu uliyesema uongo mtupu, usishangilie. Walitafuta kwa uaminifu, wakasema hawakuona, na hiyo ni kazi kamili ya fizikia. Wengine wanatafuta kioo cha namna nyingine kabisa. Mwanafizikia Neil Turok, aliyeishi Dar es Salaam utotoni wazazi wake walipokimbia Afrika Kusini ya ubaguzi, alipendekeza na wenzake mwaka 2018 kwamba upande wa pili wa mlipuko mkuu (Big Bang), ulioanzisha ulimwengu wetu, kuna ulimwengu ulio taswira ya huu wetu, ambamo wakati unakwenda kinyume. Wazo lao linadai kwamba kati ya nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na umeme, iliyo nyepesi kuliko zote haina uzito hata chembe. Hilo nalo linaweza kupimwa, na ndiyo maana naliheshimu.

Nawaombeni kitu kimoja. Kila mnapoletewa wazo zuri la namna hii, ulizeni limetabiri nini na nani ametazama. Msikubali wala msikatae kabla ya hapo.

Nayasema haya nikiwa na deni. Mwaka mmoja, tukipanga pini mbele ya kioo bapa, binti wa meza ya nyuma aliniuliza: "Mwalimu, tukimwonyesha mtu picha ya jaribio hili, atajuaje kama ni lenyewe au la kwenye kioo?" Nilimwambia hilo halimo kwenye silabasi, aendelee na pini zake. Lilikuwa swali la Lee na Yang, neno kwa neno. Hakuniuliza tena mpaka akamaliza shule. Kama yuko miongoni mwa wazazi au walimu wenu, mfikishieni barua hii.

Mwalimu wenu mstaafu,
Tanga