Barua ya wazi kwa Afisa Kazi wa Mkoa wa Tanga: kuuguza mzazi nako ni dharura

Ndugu Afisa Kazi,

Salaam kutoka Makorora. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Pita Hospitali ya Bombo jioni, saa ya kuona wagonjwa, utatukuta tumejaa, wengine na sare za kazini bado mwilini, chupa ya uji mkononi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemjali mfanyakazi anayeumwa yeye mwenyewe: siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Aliyejifungua ana siku 84, na 100 akijaaliwa pacha. Ila njoo kwa wazazi wetu. Siku nne zenye malipo zipo mtoto wako akiugua au akifariki, au akifariki mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Hebu isome tena: mtoto akiugua, mzazi akifariki. Mama akiwa maiti napewa siku za kumzika. Akiwa hai, kiharusi kimemlaza upande mmoja, nijitegemee kwa likizo yangu ya mwaka, na kama imekwisha, shauri yangu.

Yangu ilikuwa imekwisha. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kiharusi anaijua shughuli yenyewe: umgeuze kila baada ya saa mbili asitoke vidonda, umwinue ndipo umlishe, kijiko kimoja kimoja asipaliwe, ufue, ukimbilie duka la dawa. Si kazi ya kufanya baada ya zamu. Msimamizi wangu (jina la kampuni silitaji) alinijibu kwa mdomo tu: "Nenda, ila nafasi yako sikuhakikishii." Nani asiyejua maana yake? Kibarua kimeota nyasi.

Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa, ikaja likizo ya dharura isiyo na malipo, hadi siku 30, kwa makubaliano na mwajiri. Kwa hilo nashukuru, tena kwa dhati. Mshahara wa siku hizo hatudai. Tunachotaka ni kurudi na kuikuta kazi. Tatizo ni hayo makubaliano. Mpakiaji mizigo atakubaliana nini na bosi wake, wakati getini pamejaa watu wanaoitaka nafasi yake?

Marekani, nchi ambayo hadi leo haina sheria ya taifa ya kuwalipa wafanyakazi wote likizo ya uzazi, wana sheria ya mwaka 1993 inayotoa wiki 12 kwa mwaka bila malipo, ukijiuguza mwenyewe au ukimuuguza mzazi, mtoto au mwenza. Bima ya afya inaendelea, na ukirudi unaikuta kazi yako au iliyo sawa nayo. Ina matundu: mwajiri awe na watu wasiopungua 50, nawe uwe umetimiza miezi 12 na saa 1,250 za kazi. Lakini ukishatimiza, huombi hisani.

Najua kubadili sheria si kazi yako, ni ya Bunge. Ukaguzi ni wako. Ukifika viwandani Pongwe, bandarini, au kwenye mashamba ya mkonge Muheza na Korogwe, uliza: nani aliomba likizo ya dharura, akajibiwa nini? Wahimize waajiri wanaokataa wakatae kwa maandishi, sababu ionekane. Mtu akiachishwa kazi ana siku 30 tu za kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akienda mikono mitupu ataanzia wapi?

Na vibarua wa msimu wasiachwe nyuma. Mara nyingi huambiwa hawajatimiza miezi sita, basi hawana likizo yenye malipo. Sheria hiyohiyo inasema aliyeajiriwa na mwajiri mmoja zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyake vinajumlishwa, vikizidi miezi sita anastahili. Wakata mkonge wangapi wameambiwa hivyo? Vituo vya redio hapa Tanga hatukosi. Njoo ulieleze wewe mwenyewe, kwa Kiswahili cha mtaani, na simu za wasikilizaji zipokelewe.

Ukitaka kukutana nasi kwanza, tuko tayari kukusanyana. Jumapili ndiyo inayotufaa, wengi wetu hatuna zamu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Karani wa ghala, Makorora, Tanga