Kwa nini ukuta umesimama

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea. Nimepata ujumbe wako kwamba fundi ameuacha ukuta katikati na anauliza atarudi lini. Kwa simu nisingeweza kulieleza hili likaeleweka, ndiyo maana naandika.

Mshahara wangu haujakatwa. Kilichokatwa ni ovataimu, na kosa langu ni kukuahidi fedha za saa ambazo sikuwa nimezifanya bado. Yote yalianza na karatasi moja, oda ya mashine mpya. Ilikaa juu ya meza ya meneja wiki tatu, kalamu imelazwa juu yake, nikiiona kila asubuhi nikienda kusaini mahudhurio. Wateja hawakuwa wamepungua hata mmoja. Meneja alihofia tu kwamba watapungua. Kwa hofu hiyo akaahirisha mashine na kufuta ovataimu. Mimi nikapunguza nilichotuma, wewe ukamwambia fundi asubiri, na fundi naye bila shaka kuna mtu aliyemwahidi.

Hebu fikiria, Baba: hasara imetufikia kabla jambo lenyewe halijatokea, na huenda lisitokee kabisa.

Mwaka 1936 mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliandika kwamba mwenye mtaji hutoa fedha kwa kuangalia anachotarajia kesho, na kesho hiyo hakuna anayeijua kwa hakika. Friedrich Hayek, mwanauchumi mwenzake ambaye walipingana kwa mengi, katika makala iliyotoka mwaka uliofuata alisema uchumi hutulia pale mipango ya watu inapooana. Ninavyowaelewa, kila mmoja wetu anapanga juu ya mipango ya wenzake, na mingi haioani.

Uingereza iliwahi kuliona hili waziwazi. Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock walijipanga foleni kutoa akiba zao. Hakuna benki inayoweka fedha zote kabatini. Nyingi huwa imeshazikopesha. Kwa hiyo wanaoogopa kwamba itaishiwa, wakienda wote kwa pamoja, ndio wanaoimaliza. Tarehe 17 serikali ikatangaza kwamba itadhamini akiba hizo, na foleni zikayeyuka ndani ya siku chache. Neno lililoaminika lilitosha kuwarudisha watu nyumbani.

Kwa sababu hiyo sitakuahidi tena kwa kubahatisha. Kiasi cha mshahara wa kawaida kitakuja kila mwezi, hicho kihesabu. Ovataimu usiihesabu mpaka nikuambie imelipwa.

Na fundi, tafadhali usimwambie “wiki ijayo”. Mwambie hatuna kazi yake kwa miezi miwili, akamate kazi nyingine. Akiendelea kutusubiri sisi, ataikataa kazi ya mtu aliye tayari kumlipa leo, na watoto wake ndio watakaoumia kwa hesabu zangu mbaya.

Msalimie Mama. Nitapiga simu Jumapili.

Mwanao