Risala ya wenye punda kwa Mgeni Rasmi, iliyosomwa malishoni tarehe 8 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji na Afisa Mtendaji wetu, wazee wetu mliokaa chini ya mbuyu, wanakikundi wenzangu, na ninyi watoto mliokuja na punda wa nyumbani bila kuwaaga baba zenu: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Mgeni Rasmi, kwanza pole na safari. Vumbi lako tumeliona muda mrefu kabla hatujakuona mwenyewe. Umekuja Siku ya Punda Duniani, siku ambayo kwetu hapa Chamwino huangukia msimu wa kuvuna, kwa hiyo baadhi ya wanaosherehekewa hawapo. Wako mashambani wanasomba mtama. Watakuja jioni wakiwa wamechoka, na pilau hawali.

Risala hii niliiandika mara ya kwanza kama risala zinavyoandikwa: historia, mafanikio, changamoto, maombi. Kikao cha Jumapili kikanirudishia. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, hayo atasomewa kila kijiji atakachokwenda. Msimulie yaliyotokea hapa malishoni." Basi nasimulia, na ombi letu, ambalo ni moja tu, litajitokeza lenyewe.

Eneo hili unaloliona, kuanzia kwenye korongo mpaka barabara ya zamani, tulilipata kwa aibu. Ulikuwa mwaka 2006, mvua ilikuwa imekataa na kila mtu alimfunga punda wake popote palipobaki na jani. Usiku mmoja punda saba walikata kamba wakaingia kwenye uwele wa mtu, ule mchache uliokuwa umepona. Wakakamatwa, wakafungiwa nyuma ya ofisi ya kijiji wasubiri faini. Kutwa nzima wenyewe wakabishana: huyu wangu hana meno ya kula kiasi hicho, huyu wangu alifuata wenzake tu. Usiku ulipoingia punda mmoja akalia. Wa pili akamjibu, kisha wote saba, na wale waliobaki majumbani nao wakaitikia kutoka kila upande. Kijiji hakikulala. Alfajiri mwenye shamba ndiye aliyekuja mbio kuomba waachiwe.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji ulioitwa baada ya hapo, alisimama babu mmoja aliyewahi kuishi Kondoa. Akatukumbusha mwaka 1979, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipoondoa mifugo kwenye eneo lote la Kondoa lililomomonyoka, kwa sababu ardhi ilikuwa imekwisha liwa ikabaki makorongo matupu. Akasema: "Tusipojipangia wenyewe, tutapangiwa." Mkutano ukatoa eneo hili liwe malisho ya pamoja, kwa sababu halikufaa kwa kilimo na hakuna aliyelitaka. Tukaweka kanuni. Nusu inalishwa, nusu inapumzika mpaka nyasi zitoe mbegu. Hakuna kuchoma moto. Mbuzi hawaingii. Hiyo ya mbuzi ilituletea ugomvi ambao sitausimulia, maana wenye mbuzi wako hapa na mchele wamechangia.

Naomba kidogo niseme langu. Mimi nilikua nikichota maji kwa kichwa, ndoo moja, kwenda na kurudi jua likiwa limeshakuwa kali. Mama alipopata punda jike wa kwanza, tulimpakia madumu manne ya lita 20, mawili kila upande, nami nikatembea nyuma yake mikono mitupu. Sikujua niiweke wapi mikono. Mwaka ule ndio nilioanza kuwahi namba shuleni. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema shukrani ya punda ni mateke, najua huyo hakuchota maji kwa kichwa.

Ila mateke yapo, tusidanganyane. Kuna siku alikuja mtaalamu wa mifugo kutufundisha kumfunga punda kwenye mkokoteni. Sisi tulikuwa tunatumia nira ya ng'ombe, ile gogo la shingoni. Akatueleza kwamba ng'ombe ana nundu ya kuzuia nira, punda hana. Nira inamkaa juu ya mifupa, inamchubua, ndiyo yale madonda ya shingo tuliyodhani punda huzaliwa nayo. Punda huvuta kwa kifua, anatakiwa mkanda mpana unaopita kifuani, wenye kitu laini ndani. Fundi wetu mmoja wa mikokoteni, mtu mzito wa kukubali, akasema nira haina neno, akaenda kumvalisha punda wake ili athibitishe. Yule punda alitulia kabisa mpaka alipomaliza kufunga, kisha akamtupia teke moja tu, la paja. Hakuna aliyecheka mpaka fundi mwenyewe alipocheka. Leo yeye ndiye anayeshona mikanda ya kifuani kwa kijiji kizima, kwa magunia na vipande vya magodoro, na bei yake tunailalamikia.

Mgeni Rasmi, mwaka ambao hatutausahau ni ule wa msumari. Watu walikuwa wamechoma mbao kuukuu pale pembeni, majivu yakapeperushwa, misumari ikabaki. Jike mmoja akachomwa kwenye ukwato, kidonda kidogo, kikajifunga. Baada ya siku kadhaa tulimkuta amesimama kama kigoda, miguu minne imetanuka, masikio yamesimama, mkia umekakamaa. Tulimpelekea majani mdomoni, taya halikufunguka. Mtoto mmoja alipopiga makofi, mwili mzima ulimtetemeka. Afisa mifugo alipofika akasema neno moja: pepopunda. Sote tulilijua hilo neno kutoka kliniki, kwenye chanjo za akina mama wajawazito, lakini nadhani nusu yetu hatukuwahi kujiuliza kwa nini ugonjwa huo unaitwa hivyo. Alikufa siku ya tatu. Tangu hapo kila mwaka kabla ya mvua tunapanga mstari kutoka barabarani mpaka kwenye korongo, tunatembea tumeinama, tunaokota misumari, nyaya na vigae vya chupa. Watoto hulipwa kwa kopo la misumari. Mwaka jana kuna mmoja aliyeleta misumari mipya ya dukani. Tulimlipa nusu.

Ikafuata miaka ya ngozi. Mnakumbuka, mnunuzi alikuja na gari, akachukua punda mgonjwa, kilema, mzee, hakuchagua. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, ambayo China huiuza kama dawa na kipodozi. Mwanzoni tulifurahia bei, siwezi kuficha, hata ndani ya kikundi chetu wako waliouza. Halafu aliyeuza akataka kununua tena akakuta bei haishikiki. Punda si kuku, Mgeni Rasmi. Anabeba mimba mwaka mzima na zaidi, anazaa mmoja, na huyo mmoja anahitaji miaka kabla ya kubeba mzigo. Halafu vikaisha vya kuuzwa vikaanza vya kuibwa. Asubuhi moja mchunga alifuata kunguru mpaka kwenye korongo, akakuta wanne. Nyama ipo, kwato zipo, ngozi hakuna. Mmoja alikuwa na kamba nyekundu shingoni, tukamtambua kwa hiyo. Mwenye kamba ile ni mjane, alikuja akaifungua, akaikunja, akaiweka ndani ya kanga akaondoka bila kusema na mtu.

Tukalala malishoni kwa zamu, wanaume na wanawake, kwa miezi mingi. Baridi ya Juni hapa unaijua. Tulichojifunza ni kwamba mlinzi bora ni punda mwenyewe: mbwa hubweka kwa kila kitu, punda hunyamaza kwa mtu anayemjua na hupiga kelele za kuamsha wafu kwa asiyemjua. Kelele hizo zilituokoa dhidi ya wezi mara mbili, na dhidi ya fisi mara nyingi. Desemba 2021 serikali yetu ilipopiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara ya ngozi, tulisikia kwenye redio tukiwa hapa hapa, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa wakakubaliana hivyo kwa bara zima. Kwa hilo serikali tunaishukuru kwa dhati. Zamu za usiku hata hivyo hatujazifuta.

Yapo na ya furaha. Mkutano wetu wa mwaka uliwahi kuahirishwa katikati ya taarifa ya fedha kwa sababu jike alianza kuzaa hatua kumi kutoka kwa mweka hazina. Wanachama wote wakageuka. Mtoto alitoka, akajaribu kusimama, akaanguka kifudifudi, akajaribu tena, na kabla saa haijaisha alikuwa ananyonya. Taarifa ya fedha ilipitishwa bila swali hata moja, na wapo wanaosema mweka hazina alipanga.

Na katika mvua kubwa za mwanzo wa 2020, korongo lilikata barabara, gari la kutoka zahanati halikuvuka, na mama mmoja alikuwa na uchungu tangu usiku. Pikipiki ilizama kwenye tope. Tukatandika godoro kwenye mkokoteni, punda wawili, majike ndugu wanaolala pamoja. Pale kwenye maji waligoma. Watu wakaokota fimbo, dada mmoja akawazuia. Akasema punda hagomi kwa kiburi, akiogopa husimama afikiri. Tukawaacha wafikirie. Ilikuwa dakika chache, lakini kwa yule mama naamini ilikuwa mwaka. Kisha yule mkubwa akasogea upande wa juu, pale ambapo hatukupaona, chini pana mwamba, akavuka, na mdogo wake akamfuata. Mtoto alizaliwa salama. Yuko hapa leo, ni yule wa mbele mwenye fulana ya njano, anayemvuta sikio dume jeupe. Acha, mwanangu.

Dume hilo ndilo linalonileta kwenye ombi. Jina lake ni Katibu, kwa sababu kila kikao kikianza analia, na kila kikifungwa analia. Mwaka 2016 ilipotangazwa kwamba serikali inahamia Dodoma, ardhi ya huku iliyokuwa haina mwenyewe ikapata wenyewe watatu watatu. Haikuchukua muda tukakuta bikoni nne za zege, zile alama za mipaka za wapima ardhi, katikati ya malisho. Hatukuwa tumeambiwa lolote, na mkutano mkuu wa kijiji haukuwa umekaa. Baada ya wiki mbili bikoni moja ilikuwa imeinama. Baada ya mwezi, mbili zimelala. Wapimaji wakaja wakiwa wakali, wakasema kung'oa bikoni ni kosa la jinai, wakataka majina. Tukaapa hatukugusa. Mchunga mmoja mdogo akasema, "Subirini adhuhuri." Tukakaa pale kwenye mbuyu na wapimaji wetu, tukawapa maji. Jua lilipofika utosini Katibu akaja polepole, akaipa bikoni ya tatu kisogo, akaanza kujikuna. Kulia, kushoto, macho yamefumba, mdomo wa chini unaning'inia, kwa raha ambayo sijamwona nayo mtu yeyote. Zege likaanza kucheza kwenye udongo. Wapimaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakaondoka, hawakuandika jina la mtu.

Lakini bikoni hizo hatukuambiwa ni za nani, wala hatukuambiwa kwamba hazitarudi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na mkutano wetu wa kijiji ulikwisha amua. Kilichokosekana ni maandishi: kijiji hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopimwa na kusajiliwa, kwa hiyo malisho haya yapo kwenye muhtasari wa kikao na kwenye vichwa vya wazee, ambao wanapungua. Tunaomba, Mgeni Rasmi, ofisi yako itusaidie kuleta timu ya upimaji ya wilaya ili eneo hili liingie kwenye ramani likiwa malisho. Chakula cha timu hiyo na vibarua wa kufyeka mipaka tutatoa sisi. Wanachama wamekwisha changa, na daftari lipo kwa mweka hazina, yule yule.

Baada ya risala hii tutakutembeza. Utaona birika tulilojenga, utaona nusu iliyopumzishwa ambayo nyasi zake zimekufika kiunoni, na utaiona bikoni ya nne, ambayo bado imesimama. Saa sita ikikaribia tusogee kando kidogo.

Naomba kuwasilisha.